Bunduki ya Viasi

Kiswahili cha karne ya 19 kiliziita bunduki kwa namna zilivyoshika moto. Ya utambi ilikuwa bunduki ya mrao. Ya jiwe, ambayo mtambo wake uligonga hadi cheche ikarukia baruti, ilikuwa ya gumegume. Ikafuata ya fataki. Kisha ikaja bunduki ngeni isiyojua mdeki wala kushindiliwa: unaifungua nyuma ya kasiba, unatia kitu kimoja ambacho ndani yake mna baruti, risasi na fataki pamoja, unaifunga, basi. Watu wa pwani na wa misafara ya bara walikitazama kitu hicho wakakiita kiasi, na bunduki yake ikawa bunduki ya viasi.

Siku hizi jina hilo limebaki katika kamusi kuukuu. Tunasema risasi tu, na jirani zetu wa Kongo husema masasi, kana kwamba kile kipande kinachoruka na ganda zima linaloingia bundukini ni kitu kimoja. Mimi nalisikitikia, maana lilibeba habari nzima. Mwenye gobori alijipimia mwenyewe kiganjani: baruti ya kutosha kanga, au zaidi kidogo kwa kiboko, au nyingi mno akavunjika bega. Mwenye bunduki ya viasi alikuwa amekwisha kupimiwa na fundi wa Liège au Birmingham ambaye hakuwahi kumwona kiboko. Hakuweza kuongeza wala kupunguza. Lililobaki mikononi mwake ni kuchagua, na ubishi wa wawindaji na walenga shabaha kuhusu risasi ipi ni bora, ambao haujaisha hadi leo, ulianzia hapo.

Nimeufuatilia ubishi huo hasa katika pwani moja ya ziwa, ile ya Burundi inayoteremka kutoka mdomo wa mto Rusizi, ikapita Bujumbura, Magara na Minago, hadi Rumonge na Nyanza-Lac. Ni ukanda mwembamba wa michikichi kati ya milima na maji. Rumonge iko kilomita 70 na kitu kusini mwa Bujumbura. Ni mji wa mawese, wa samaki aina ya mukeke na ndagala, wa misikiti, na wa Kiswahili kilichofika kwa mitumbwi ya Ujiji kabla ya Mjerumani wa kwanza.

Novemba 1871 mtumbwi mmoja wa namna hiyo ulipita hapa ukielekea kaskazini. Ndani yake walikuwamo Livingstone na Stanley, waliotaka kujua kama Rusizi huingia ziwani au hutoka. (Huingia.) Jiwe la Mugere, kilomita chache kusini mwa Bujumbura, bado lina majina yao na tarehe 25 Novemba. Watalii hupigwa picha mbele yake, ila mimi huvutiwa zaidi na mizigo ya silaha ambayo Stanley aliondoka nayo pwani ya bahari mwaka ule, na ambayo aliiorodhesha kwa makini ya karani wa ghala. Kulikuwa na Winchester ya viasi 16, Henry ya namna hiyo hiyo, bunduki kadhaa nyingine za kufunguliwa nyuma, bunduki moja ya tembo ambayo goroli zake nane hutimiza ratili moja, na kwa ajili ya watu wake, gumegume 24.

Pima mwenyewe tofauti iliyokuwamo katika msafara mmoja. Kiasi cha Winchester ya wakati ule kilibeba risasi ya gramu 13 hivi na baruti isiyofika gramu mbili. Goroli moja ya bunduki ya tembo ilikaribia gramu 57. Ya kwanza ilimpa mtu milio 16 bila kupumzika, lakini kwa nyati ilikuwa kama kumtupia kokoto. Ya pili ilimwangusha nyati, na mpigaji akakaribia kuanguka naye. Kati ya hizo mbili zilikuwamo gumegume za watu wa Stanley, ambazo Mzungu alizidharau, na ambazo ndizo zilizokuja kukaa katika nchi hii muda mrefu kuliko zote.

Miaka minane baadaye mapadre wa Lavigerie, tunaowaita Mapadre Weupe, walifungua misheni Rumonge. Ulikuwa mwezi wa Julai 1879. Pamoja na mapadre walikuja wasaidizi walei, wengi wao askari wa zamani wa jeshi la Papa, lililokuwa limepewa bunduki za Remington za viasi tangu mwaka 1868. Kazi yao ilikuwa kulinda. Tarehe 4 Mei 1881, katika ugomvi na Wabikari, wenyeji wa pale, waliuawa Padre Deniaud, Padre Augier na msaidizi wao D'Hoop, na misheni ikafungwa. Watu wa mikuki na mishale walikuwa wamewashinda watu wa bunduki, umbali ukiwa wa hatua chache.

Jambo hilo lilijirudia kwa ukubwa zaidi. Mohamed bin Khalfan al-Barwani, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, alikuwa bwana wa Ujiji, na katika miaka ya 1880 watu wake walipanda na pwani hii hadi Uzige, mahali ilipo Bujumbura leo. Kule ukingoni bunduki zao zilitawala. Milimani, kwa Mwami Mwezi Gisabo, hazikufua dafu. Sababu ziko nyingi, lakini mtu aliyewahi kuona gobori ikijazwa ataifahamu moja yake haraka. Unamimina baruti, unatia kitambaa, unatia goroli, unashindilia kwa mdeki, unatia baruti ya kuwashia, unapanda mtambo, na mvua ikinyesha umefanya kazi bure. Katika muda huo kijana wa Kirundi aliyejificha migombani ameshaachia mishale mitano.

Bunduki hazikuwa haba. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza aliyekuwa Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba kati ya bunduki 80,000 na 100,000 huingia Afrika Mashariki kila mwaka. Na humo zilianza kuonekana nyingi za viasi. Hilo ndilo lililowatia Wazungu hofu. Tarehe 2 Julai 1890 walitia sahihi Mkataba wa Brussels, ambao kwa kawaida husomeshwa shuleni kama mkataba wa kupiga vita biashara ya utumwa. Ulikuwa hivyo. Lakini ulikuwa pia sheria ya risasi, pengine ya kwanza kubwa namna hiyo duniani: kati ya latitudo 20 Kaskazini na 22 Kusini, bunduki zenye michirizi ndani ya kasiba na zile za viasi zilipigwa marufuku kwa wenyeji. Waliruhusiwa, kwa masharti, gumegume zenye kasiba laini na baruti ya kawaida. Serikali na msafiri mwenye kibali wangeendelea na viasi vyao.

Ukitaka kujua kwa nini mwindaji wa kijiji upande huu wa Afrika amebaki na gobori kwa vizazi, wakati mwindaji wa Ulaya akibadilisha risasi kila muongo, anza na sheria hiyo. Baba zetu hawakushindwa kuchagua, bali wengine waliwachagulia. Hata jirani Tanzania magobori yanayosalimishwa polisi leo mengi ni ya kufuliwa na wahunzi, na hurusha vipande vya nondo.

Sheria ilikuja wakati mbaya kwa aliyefungiwa nje, maana ndiyo miaka risasi ilipogeuka kabisa. Mfaransa Paul Vieille alikuwa amegundua baruti isiyo na moshi mwaka 1884, na miaka miwili baadaye jeshi lake likawa na bunduki ya Lebel. Kabla ya hapo, kutaka nguvu zaidi maana yake kutaka tundu pana zaidi, kwa kuwa baruti nyeusi kwa kawaida haikuisukuma risasi ya jeshi kupita kasi ya mita 450 hivi kwa sekunde. Baruti mpya iliivusha 600. Ghafla tundu likapungua kutoka milimita 11 hadi 8, kisha Wabelgiji wakachukua Mauser ya 7.65 mwaka 1889, na risasi nyembamba ikaenda mbali kuliko nene.

Wajerumani walijenga ngome Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, mwaka 1897, na mmoja wa makamanda wake, Kapteni Robert von Beringe, anastahili kutajwa hapa kwa mambo mawili. Oktoba 1902, katika safari iliyoanzia Usumbura, alipanda Mlima Sabinyo akapiga nyani wawili wakubwa weusi. Mmoja aliopolewa korongoni, akafika Berlin, na sayansi ikampa jina la kapteni: Gorilla beringei, sokwe wa milimani. Mwaka uliofuata huyo huyo aliivamia nchi ya Mwezi Gisabo, na tarehe 6 Juni 1903, huko Kiganda, Mwami aliyewazuia watu wa Rumaliza akakubali masharti ya Mjerumani. Kati ya gobori za Ujiji na viasi vya Usumbura ilikuwa imepita miaka isiyofika 20.

Wakati huo huo, mbali kaskazini katika Karamoja ya Uganda, Mskoti mmoja alikuwa akiutia ubishi wa risasi moto ambao haujazimika. W. D. M. Bell alizaliwa 1880. Wenzake waliamini tembo ni wa bunduki nzito kama ile .450 ya mwaka 1898, yenye risasi ya gramu 31. Bell alichukua 7 milimita ya Mauser, ambayo Waingereza waliiuza kwa jina la .275 Rigby, risasi ya gramu 11, ndefu, butu, iliyovikwa shaba au chuma pande zote. Kwa hesabu yake aliua tembo 1,011, na karibu 800 kati yao kwa risasi hiyo ndogo. Kabla ya hapo alikuwa amelipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umelala wapi ukitazamwa ubavuni, mbele na nyuma.

Hadithi ya Bell hutumiwa vibaya na watu wengi. Wapenda risasi ndogo huisimulia kana kwamba gramu 11 zina uchawi. Zilichokuwa nacho ni umbo: risasi ndefu na butu hupita mfupa bila kupinda njia. Na mwenye bunduki isiyomrusha nyuma huweza kupiga mara kumi pale pale alipokusudia. Tembo akimgeukia mtu asiye Bell, katika matete yaliyofunga, kiasi hicho hakitoshi. Ndiyo maana nchi nyingi za uwindaji barani zimeiweka .375, iliyotokea 1912 na yenye risasi ya gramu 19 hivi, kuwa ndogo kuliko zote zinazoruhusiwa kwa wanyama wa hatari.

Katika miaka hiyo hiyo njia za mwindaji na mlenga shabaha ziliachana, na walioziachanisha walikuwa wanajeshi. Wajerumani walikuwa na kiasi cha milimita 8 chenye risasi butu ya gramu 14 na ushei. Kuanzia 1903 waliibadilisha kwa risasi yenye ncha kali, gramu 10 tu, ikatoka kwa karibu mita 880 kwa sekunde. Ganda lilibaki karibu lile lile. Lakini risasi yenye ncha hukata hewa, husukumwa kidogo na upepo, na hushuka polepole. Kwa mtu anayelenga mbali, ilikuwa neema. Kwa mwindaji wa nyati ilikuwa kigeugeu: uzito wake uko nyuma, kwa hiyo ikigonga nyama nzito hupenda kupinduka, ikaenda inakotaka.

Vita vya 1914 vilivikuta viasi vya kila namna pwani hii. Kampuni nyingi za askari wa Kijerumani bado zilikuwa na bunduki za mfano wa 1871, milimita 11, baruti nyeusi. Askari akipiga, wingu jeupe husimama juu ya kichwa chake na kumwonyesha adui mahali pa kulenga. Ilitokea hivyo Tanga, Novemba 1914. Ng'ambo ya Rusizi, Wabelgiji walikuwa na Mauser zao za 7.65 na pia Albini kongwe za milimita 11. Ziwani, Waingereza waliburura mashua mbili, zilizoitwa Mimi na Toutou, hadi upande wa Kongo, wakaiteka meli ya Kijerumani Kingani tarehe 26 Desemba 1915 na kuizamisha mwenzake, Hedwig von Wissmann, Februari iliyofuata. Juni 1916 Wabelgiji waliingia Usumbura. Pwani ikabadili bwana, na sheria ya gobori ikabaki ile ile.

Yaliyofuata baada ya uhuru sitayachanganya na habari za wawindaji. Mwaka 1972 na tena kuanzia 1993, watu wa Rumonge walisikia milio isiyohusu nyama wala shabaha, na hayo yanataka kitabu chake.

Turudi kwa mlenga shabaha. Tangu 1890 Waingereza wamekuwa wakikutana Bisley, kusini mwa Uingereza, kupigia karatasi iliyo umbali wa yadi 1,000, yaani mita 914. Tuseme umesimama ufukweni Rumonge, na ngalawa yenye ubao inaelea umbali huo. Umeirekebisha nishani ya bunduki kwa mita 100, na una kiasi cha .308, ambacho kilitoka mwaka 1952 na ni ndugu wa risasi ya jeshi ya 7.62. Hadi kufika ubaoni risasi yako itakuwa imeshuka mita 10 hivi chini ya mahali ulipotazama. Hilo si tatizo kubwa, maana linahesabika. Tatizo ni upepo. Upepo wa kiasi wa kilomita 16 kwa saa, ukivuma ubavuni, utaisogeza mita mbili. Na ziwa hili lina upepo mmoja ufukweni, mwingine katikati ya maji, na wa tatu unaoteremka milimani jioni.

Kwa sababu hiyo watu wa shabaha hawatafuti nguvu. Wanatafuta risasi nyembamba na ndefu, iliyotengenezwa sawasawa na mwenzake hadi sehemu ya mwisho ya gramu, na teke dogo begani. Kiasi cha 6.5 Creedmoor kilibuniwa mwaka 2007 hasa kwa kazi hiyo. Kwa upepo ule ule, risasi yake ya gramu 9 husogezwa mita moja na nusu hivi. Nusu mita hiyo ndiyo huamua nani anarudi na kombe. Lakini risasi nyingi za mashindano zina kitundu nchani kilichoachwa na mashine wakati wa kuzisawazisha, na hakikukusudiwa kufunguka ndani ya nyama. Nyingine hupasuka juu juu. Nyingine hupita kama sindano, mnyama akakimbia akafie kusikojulikana. Karatasi haikimbii, wala haina mfupa wa bega.

Mwindaji naye anataka risasi itakayofanya kazi baada ya kufika. Kwa swala, ifunguke kama ua na kuachia nguvu yake yote ndani. Kwa nyati, isifunguke upesi. Umbali wake ni mita 50, pengine 150. Upepo haumhusu sana. Ukimpa kiasi cha mlenga shabaha umempa hesabu asizozihitaji.

Mnyama mmoja tu naona anazikutanisha njia hizi, na ndiye mnyama wa pwani yetu. Mamba ana ngozi ya mabamba mgongoni, mwili wa mamia ya kilo akikua, na ubongo mdogo unaoweza kuufunika kwa vidole viwili. Akipigwa tumboni au begani, hata kwa risasi ya nyati, hujiviringisha majini na kutoweka. Ni ubongo au uti wa shingo, basi. Kwa hiyo mwindaji wake anahitaji uhakika wa mtu wa Bisley kwa umbali wa mita 80, na juu ya hapo risasi ya kuvunja mfupa. Maji yenyewe ni adui mwingine: risasi ikigonga kwa pembe ndogo hudunda kama jiwe la mtoto, na kichwa kilicho chini kidogo ya maji hakiko pale macho yanapokionyesha.

Mamba Gustave alijulikana kwa jina hilo kupitia Patrice Faye, Mfaransa aliyeishi Burundi na kumfuatilia kwa miaka. Watu wa Rusizi na wa ufukwe wa kusini walimfahamu kabla hajapewa jina la Kizungu. Alikisiwa kuwa na urefu wa zaidi ya mita sita, na kilo 900 au zaidi. Wengine walidai ana miaka 100, lakini meno yake yalikuwa kamili, na wataalamu wakashusha hadi 60 hivi. Watu aliowaua walihesabiwa na uvumi hadi 300. Mwilini alikuwa na makovu matatu ya risasi, na jeraha kubwa kwenye bega la kulia.

Wakati Faye alipokuwa akimfuatilia, ufukwe ulijaa Kalashnikov. Kiasi chake hubeba risasi ya gramu 8, inayotoka kwa mita 715 kwa sekunde, na kilipimwa wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya binadamu aliye ndani ya mita 300. Mtu akimimina nusu ya magazini kutoka ufukweni, akiwa na hofu, kwa kitu kinachoonyesha macho na pua tu, atapata kelele na maji ya kurukaruka. Sisemi makovu yale yalitokana na bunduki hiyo. Nasema tu kwamba Bell, kwa gramu zake 11 na fuvu alilolisoma, angehitaji risasi moja, na asingeipiga kabla mamba hajapanda mchangani kuota jua.

Faye na wenzake hawakuja na risasi. Mwaka 2002 walikuja na kizimba cha chuma cha urefu wa mita 9, uzito wa karibu tani, wakitaka kumkamata akiwa hai. Walitia chambo cha namna moja, kisha kingine. Mamba wadogo walijaribu bahati yao. Mkubwa alipita kando. Mwishoni waliweka mbuzi hai. Usiku huo ikaja dhoruba, kamera ikazimika, na asubuhi walikikuta kizimba kimezama nusu majini. Mbuzi hakuwamo.